Vivimbe vya Mishipa ya Ubongo Katika Ukoo: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kulipia Kipimo

Katika vijiji vya Kusini Unguja, kama ilivyo kwingineko katika visiwa vyetu, kifo cha ghafla huelezwa kwa maneno machache: "presha ilimpanda", "alianguka msalani", "alilala na kichwa, hakuamka". Maiti huoshwa, husaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo, na aghalabu sababu ya kifo haiandikwi popote. Kuharakisha maziko ni sunna na heshima kwa marehemu, na hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, lipo jambo linalopotea: miaka ishirini baadaye, mjukuu akiulizwa na daktari bibi yake alikufa kwa maradhi gani, hana la kujibu.

Makala haya yanahusu ugonjwa ambao jibu la swali hilo lina thamani kubwa ndani yake, nao ni vivimbe vya mishipa ya damu ya ubongo vinavyojirudia katika baadhi ya koo. Yameandikwa ili kumsaidia mtumiaji wa huduma za afya, hasa aliye mbali na mji kama mkaazi wa Kizimkazi, aamue kwa busara kama anahitaji kipimo, aulize nini kabla ya kulipa, na afanye nini saa ya dharura. Jambo la msingi ni hili: kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu ni historia ya ukoo. Hakina bei, na hufanywa nyumbani, kabla ya mtu kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya picha ya kichwa.

Kivimbe cha mshipa ni nini

Damu hufika ubongoni kwa mishipa mikubwa minne ipitayo shingoni. Chini ya ubongo mishipa hiyo huungana na kufanya mfano wa duara, kisha hutoa matawi. Mahali matawi yanapogawanyika ndipo ukuta wa mshipa unapopigwa zaidi na msukumo wa damu. Ukuta huo ukidhoofika kwa miaka mingi, hutokeza nje kama mpira wa baiskeli unavyotuna pale ulipochakaa. Kituta hicho ndicho kivimbe cha mshipa, ambacho madaktari hukiita anyurizimu. Si saratani, hakiambukizi, na mara nyingi hakina dalili yoyote.

Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanacho, na walio wengi huishi nacho hadi mwisho wa umri wao bila ya kujua. Hatari ni pale kinapopasuka. Damu humwagika baina ya ubongo na utando unaoufunika, na hiyo ni aina moja ya kiharusi. Katika kila watu watatu wanaopatwa, takriban mmoja hufariki, na wengi wanaopona hubaki na udhaifu wa mwili, wa kumbukumbu au wa tabia. Viharusi vingine huwapata zaidi wazee. Hiki huwapata wengi wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, wengine wakiwa vijana zaidi, wakati bado wana watoto wa kulea.

Ugonjwa unavyofuata ukoo

Si kila kivimbe ni cha kurithi. Wagonjwa walio wengi hawana jamaa mwingine mwenye ugonjwa huu. Lakini zipo koo ambazo watu wawili au zaidi wa damu moja wamepatwa, na ndani ya koo hizo hatari ya kila mmoja huwa kubwa kuliko ya watu wengine, hasa baina ya ndugu wa tumbo moja. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Hakuna chembe moja ya urithi inayoleta ugonjwa huu kwa watu wote. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulitambua maeneo 17 ya vinasaba yanayohusiana nao, na kila eneo huongeza hatari kidogo tu. Kwa sababu hiyo, hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoweza kukuambia kama utapata kivimbe. Anayekuuzia kipimo cha namna hiyo, kiwe cha damu, cha nywele au cha kiganja, anakuuzia kisichokuwepo.

Wapo wanaouliza kama chanzo ni ndoa za mabinamu. Katika koo nyingi zilizochunguzwa, urithi ulionekana kupita kwa mzazi mmoja tu, awe baba au mama. Kwa hiyo mtu ambaye wazazi wake hawana udugu asidhani kuwa amesalimika kwa hilo, wala wazazi walio mabinamu wasibebeshwe lawama. Ukoo uliopata vifo viwili au vitatu vya ghafla hausemwi tena kuwa "una jambo" ukijua kwamba mishipa, kama sura na urefu, hurithiwa.

Upo pia ugonjwa wa figo wa kurithi, ambao figo hujaa vifuko vingi vya maji. Wenye ugonjwa huo hupata vivimbe vya mishipa ya ubongo mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Ukoo wenye maradhi ya figo ya namna hiyo umweleze daktari.

Nani ni jamaa wa karibu katika hesabu hii

Kiswahili chetu kina ukarimu katika udugu. Mtoto wa ami huitwa kaka, mama mdogo huitwa mama, na aliyenyonya ziwa moja nawe ni ndugu yako wa kisheria. Kwa daktari anayekadiria hatari ya urithi, hesabu ni nyingine, na kutoifahamu kumewafanya watu wahofu bila sababu, au wakae raha pasipo stahili.

Jamaa wa daraja la kwanza ni baba na mama waliokuzaa, ndugu zako wa baba mmoja na mama mmoja, na watoto uliowazaa. Daraja la pili ni babu na bibi, ami, shangazi, mjomba, mama mkubwa na mama mdogo, wajukuu, na ndugu mliochangia mzazi mmoja tu. Mabinamu wako mbali zaidi. Ndugu wa kunyonya, mtoto wa kulea, mke wa ami na mume wa shangazi hawaingii kabisa katika hesabu hii, hata kama mmekula sahani moja tangu utotoni.

Kwa hiyo, katika nyumba yenye wake wawili, eleza kila mtoto ni wa mama yupi. Ukimwambia daktari "kaka zangu wawili wamekufa kwa kiharusi", naye hajui kuwa mmoja ni mtoto wa ami, anaweza kukuandikia kipimo ambacho hukihitaji.

Namna ya kukusanya historia ya ukoo

Kaa na wazee, kwa adabu na kwa wakati unaofaa, uwaulize juu ya kila jamaa wa daraja la kwanza na la pili aliyefariki ghafla au aliyepata kiharusi:

1. Alikuwa na umri gani? Kama tarehe haijulikani, tumia tukio linalokumbukwa: kabla au baada ya Mapinduzi ya 1964, au mwaka fulani wa skuli wa mtoto wake.
2. Ilianza vipi? Je, alilalamika kichwa kikali kilichokuja kwa ghafla, au kifua, au upande mmoja wa mwili ulilegea bila maumivu?
3. Alitapika, alipata kifafa au alipoteza fahamu?
4. Alifikishwa hospitali? Picha ya kichwa ilipigwa? Jibu liliandikwa wapi?
5. Alikuwa na presha? Alivuta sigara?
6. Alikuwa na maradhi ya figo?

Majibu haya ni dalili. Si ushahidi kamili. Mzee wa miaka 80 aliyelegea upande mmoja pasipo kichwa kuuma huenda alipata kiharusi cha aina nyingine. Aliyeshika kifua huenda ni moyo. Lakini mtu wa miaka 45 aliyepiga kelele za kichwa, akatapika na kuzimia papo hapo, ni wa kuandikwa kwa uangalifu.

Waulize pia jamaa walio mbali. Koo nyingi za Unguja zina watu Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na Uingereza. Jamaa mmoja aliyewahi kupigwa picha ya mishipa huko, na jibu lake likahifadhiwa, ana faida kwa ukoo mzima kuliko makadirio ya watu kumi.

Kisha andika. Msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani umehifadhi tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, kwa kuwa mtu aliichonga katika jiwe. Ya babu zetu wa juzi yamepotea kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Karatasi moja inatosha. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na mpe nakala kila mtoto anapotoka nyumbani kwenda kujitegemea.

Nani apimwe, nani asipimwe

Miongozo ya madaktari wa mishipa ya ubongo hupendekeza mtu azungumze na daktari juu ya kupimwa ikiwa ana jamaa wawili au zaidi wa daraja la kwanza waliothibitika kuwa na kivimbe au waliovuja damu kwa sababu hiyo. Wenye ugonjwa wa vifuko vya figo nao hujadiliwa, hasa kama katika ukoo wao kuna aliyepata kivimbe. Kwa kawaida kipimo huanza mtu akishafika utu uzima. Watoto wadogo hawapimwi kama hawana dalili.

Jibu safi la leo halimwachi mtu huru kwa maisha yote. Katika mji wa Utrecht, Uholanzi, madaktari waliwafuatilia watu 458 wa koo za namna hii kuanzia mwaka 1993. Katika kipimo cha kwanza, 51 walikutwa na kivimbe, yaani takriban 11 katika kila 100. Miongoni mwa watu 261 waliorudi kwa kipimo cha pili, 21 walikutwa nacho. Ndiyo sababu watu wa koo hizo hushauriwa kurudia kipimo, mara nyingi kila baada ya miaka 5 hivi, kwa kadiri daktari atakavyoona.

Na mwenye jamaa mmoja tu? Hatari yake huongezeka kidogo, lakini kwa kawaida hashauriwi kupimwa. Utafiti mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1999, unaonyesha sababu. Watu 626, ambao kila mmoja alikuwa na jamaa mmoja wa karibu aliyepatwa, walipimwa. 25 walikutwa na kivimbe. Kati yao 18 walifanyiwa upasuaji, na 11 miongoni mwa hao walitoka wakiwa na uwezo uliopungua kuliko walivyoingia. Waliingia wakiwa wazima, wenye vivimbe ambavyo pengine visingepasuka kamwe. Upasuaji umeendelea tangu wakati huo, lakini somo limebaki: kipimo kisicho na sababu kinaweza kudhuru, ijapokuwa mashine yenyewe haiumizi.

Kabla ya kulipia kipimo

Vipimo vinavyotumika ni viwili. Cha kwanza ni picha ya sumaku, MRI, ya mishipa ya ubongo. Hakina mionzi, na mara nyingi hakihitaji dawa ya kuchomwa. Cha pili ni CT skani ya mishipa, chenye mionzi na dawa ya rangi yenye madini ya joto inayoingizwa mshipani. Picha ya kawaida ya kichwa, ya MRI au ya CT, haitoshi kwa kazi hii, kwani inaweza kupitwa na kivimbe kidogo. Hakikisha karatasi ya daktari imeandika wazi kuwa inatakiwa picha ya mishipa ya damu.

Uliza haya, upate majibu kabla ya kusafiri kwenda mjini:

1. Nani amependekeza kipimo, na kwa sababu gani katika historia ya ukoo wangu?
2. Mashine ipo na inafanya kazi siku hiyo?
3. Bei yote ni kiasi gani, pamoja na dawa ya rangi na kusomewa picha? Itaandikwa katika risiti?
4. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, au bima yangu nyingine, unalipia kipimo hiki ikiwa sina dalili?
5. Nani atasoma picha, na kikionekana kitu nitapelekwa wapi?
6. Nitapewa picha zenyewe pamoja na ripoti? Zidai na uzihifadhi. Kipimo cha mwakani hufahamika kwa kulinganishwa na cha leo.

Mweleze mpimaji kama una chuma mwilini, kama una maradhi ya figo, kama uliwahi kudhurika kwa dawa ya rangi, au kama una ujauzito.

Kwa ushauri wa kitaalamu, Unguja ina Taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, iliyofunguliwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa ushirikiano na wakfu wa Hispania. Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo pamoja na mifupa hushughulikia upasuaji wa ubongo. Pita kwanza katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe ili upewe barua ya rufaa.

Kivimbe kikigunduliwa

Kugunduliwa kivimbe si hukumu ya kifo. Daktari hutazama ukubwa wake, mahali kilipo, umbo lake, umri wako, presha yako, uvutaji wa sigara na historia ya ukoo. Vingi vidogo huachwa na kufuatiliwa kwa picha. Vinavyotisha huzibwa kwa njia mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kivimbe shingoni mwake kwa kibanio kidogo cha chuma, njia aliyoianzisha Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Ya pili ni kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja au wa mkono hadi ubongoni na kukijaza kivimbe kwa nyuzi laini za madini.

Njia zote mbili zina hatari zake. Ni haki yako kumuuliza daktari: hatari ya kutibiwa ni kiasi gani, na hatari ya kungoja ni kiasi gani? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Naweza kupata maoni ya daktari wa pili? Daktari mwadilifu hachukizwi na maswali haya.

Hakuna mzizi, mafuta, vidonge wala kombe linaloyeyusha kivimbe cha mshipa. Dua haina mbadala kwa muumini, nayo haimzuii kwenda hospitali. Aliyekwambia uache dawa za presha ili dawa yake ifanye kazi, mwepuke.

Yanayopunguza hatari

Urithi haubadiliki, lakini mambo mawili makubwa yanayosababisha kivimbe kukua na kupasuka yamo mikononi mwetu: presha na sigara. Mtu wa ukoo wenye ugonjwa huu na ambaye huvuta sigara amejiongezea mzigo juu ya mzigo. Pima presha walau mara moja kwa mwaka, ukipewa dawa, zimeze kila siku hata kama hujisikii vibaya, punguza chumvi, epuka pombe nyingi na kokeini. Haya yanamfaa hata yule ambaye hatafikia kupimwa kwa mashine maishani mwake.

Dalili za dharura

Kichwa cha kawaida hupanda taratibu. Kichwa cha mshipa uliopasuka huja ghafla, na hufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja. Waliopona husema ni kama kupigwa nyundo, na kwamba hawakuwahi kuumwa hivyo. Huweza kufuatana na kutapika, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga, kifafa au kuzimia. Kope la jicho moja kuanguka ghafla, pamoja na kuona vitu viwiliviwili, nayo ni dalili ya kutishia hata kabla ya kupasuka.

Hapo usingoje asubuhi, wala gari ya abiria ya kwanza. Kutoka Kizimkazi hadi mjini ni mwendo wa saa nzima na zaidi; tafuta gari usiku uleule, na kama hali ni mbaya pitia Hospitali ya Makunduchi iliyo karibu ili mgonjwa ahudumiwe na kupewa rufaa. Mlaze kwa ubavu kama hana fahamu. Usimpe chakula, kinywaji wala aspirini. Asikandwe shingo, asipigwe chuku. Mwambie daktari maneno mawili muhimu: kichwa kimekuja ghafla, na katika ukoo wetu limewahi kutokea. CT skani ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo huonyesha damu iliyovuja karibu kila mara; kadiri muda unavyopita, damu hiyo hufifia katika picha.

Na kichwa kikitulia chenyewe, bado nenda. Huenda ni mvujo mdogo uliotangulia mkubwa, na hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika siku ya kwanza.

Ukiona haki yako imevunjwa

Ukitozwa bila risiti, ukinyimwa ripoti yako au ukiuziwa kipimo kisichokuwepo, anza kwa kulalamika kwa maandishi kwa uongozi wa hospitali au kituo kilichohusika, ukibaki na nakala. Dawa inayotangazwa kuponya vivimbe vya mishipa iripotiwe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Udanganyifu katika biashara ya huduma upelekwe Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Unapokwenda, chukua risiti, karatasi ya daktari na jina la aliyekuhudumia; lalamiko lenye karatasi husikilizwa upesi kuliko lenye maneno matupu.